Viza na Mihuri ya Pasipoti: Jinsi Msafiri Anavyothibitisha Safari Zake

Viza humruhusu msafiri kufika mpakani na kuomba kuingia. Muhuri unaogongwa kwenye pasipoti ndio unaoonyesha kwamba aliingia kweli, siku gani na kupitia wapi. Viza hutolewa na ubalozi kabla ya safari; muhuri hugongwa na afisa uhamiaji safari ikiwa imeshaanza. Ndiyo maana mtu mwenye viza halali anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, na mwingine aliyeondoka ugenini kwa wakati anaweza kuhesabiwa kuwa bado yumo, kwa sababu tu hakugongewa muhuri wa kutoka.

Utaratibu unaoonyesha vizuri uhusiano huo ni wa eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti kwenye mipaka baina yao. Jina hilo ni la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wa kwanza ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote huhitaji viza kuingia huko. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji hata viza ya kupitia uwanja wa ndege, ingawa nia yake ni kubadilisha ndege tu na kuendelea na safari.

Kuomba viza

Swali la kwanza ni ombi lipelekwe ubalozi gani. Kanuni ni kwamba linapelekwa kwa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi au ambayo ndiyo sababu hasa ya safari. Siku zikilingana, linapelekwa kwa nchi atakayoingilia. Anayeshukia Amsterdam akalala usiku mmoja, kisha akakaa Paris siku kumi, anapaswa kuomba kwa Ufaransa. Nchi isiyo na ofisi ya viza karibu huwakilishwa na nyingine, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema ombi linapokelewa mji gani.

Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kuchukua hadi siku 45 iwapo kuna jambo la kuchunguzwa. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 ambaye hajafikisha 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ada hairudishwi ombi likikataliwa. Mahali ambapo makaratasi hupokelewa na kampuni ya wakala, kuna gharama ya huduma juu yake. Kampuni hiyo hupokea fomu, hupiga picha na kuchukua alama za vidole, lakini haina sauti katika uamuzi. Anayeahidi kwamba ana mtu wake ndani ni kishoka tu.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya safari igharamie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Alama za vidole zilizochukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59, yaani karibu miaka mitano.

Makaratasi mengine yote yanajibu maswali matatu: msafiri anakwenda kufanya nini, nani analipa, na kitu gani kitamrudisha nyumbani. La kwanza hujibiwa na mwaliko, ratiba ya mkutano au nafasi ya hoteli. La pili hujibiwa na taarifa ya benki. Hapo afisa haangalii salio la mwisho peke yake. Akaunti iliyokaa kwa miezi na laki mbili, kisha ikaingiziwa milioni kumi wiki moja kabla ya ombi, huzua shaka kuliko akaunti ya mshahara wa kawaida unaoingia kila mwezi. Fedha kubwa iliyoingia ghafla, kwa mfano ya kuuza kiwanja, iambatanishwe na hati ya mauzo. La tatu hujibiwa na barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, hati za familia au uthibitisho wa masomo.

Safari za nyuma huingia katika swali hilo la tatu. Aliyekwenda nje akarudi kwa wakati ameshaonyesha kwa vitendo kwamba hurudi. Kwa mujibu wa kanuni za Schengen, mwombaji aliyepata viza tatu na kuzitumia kihalali ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, baadaye ya miaka miwili, na hatimaye ya miaka mitano. Ushahidi wa kwamba viza hizo zilitumika sawasawa ulikuwa, kwa miaka mingi, mihuri.

Ombi likikataliwa, sababu hutolewa kwa maandishi kwenye fomu maalumu, na mwombaji ana haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyotoa uamuzi. Sababu ikiwa ni karatasi iliyokosekana, mara nyingi ombi jipya lenye karatasi hiyo hufika haraka kuliko rufaa.

Kusoma viza na kuhesabu siku

Stika ya viza ina sehemu tatu zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni tarehe za mwanzo na mwisho wa matumizi. Ya pili ni idadi ya kuingia: mara moja, mara mbili, au neno MULT, yaani mara nyingi. Ya tatu ni siku za kukaa. Viza inayoanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 15 Julai ikiwa na siku 30 haitoi ruhusa ya kukaa mwezi mmoja na nusu; inatoa siku 30 zilizo ndani ya kipindi hicho.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi hufungwa pia na kanuni ya siku 90 ndani ya siku 180. Katika siku yoyote ya kukaa kwake, zikihesabiwa siku 180 kurudi nyuma, asiwe amekaa zaidi ya 90. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Aliyeingia tarehe 1 Machi na kutoka tarehe 30 Aprili ametumia siku 61. Akirudi tarehe 1 Julai anazo siku 29 tu, kwa hiyo anatakiwa awe ameondoka kufikia tarehe 29 Julai. Siku za Machi zitaanza kumrudia moja baada ya nyingine kuanzia tarehe 28 Agosti.

Sasa tuseme muhuri wa kutoka wa tarehe 30 Aprili haupo. Afisa anayeifungua pasipoti tarehe 1 Julai ataona muhuri wa kuingia wa Machi na hakuna cha kuufunga. Kwa hesabu ya karatasi, mtu huyo amekaa miezi minne mfululizo.

Muhuri hupoteaje?

Muhuri wa Schengen ni mdogo, lakini una habari nyingi: herufi za nchi, jina la kituo, tarehe, mshale wa kuingia au kutoka, na alama ndogo ya ndege, treni, gari au meli. Wa kuingia una pembe kali na wa kutoka una pembe za mviringo. Wino hafifu, au muhuri kugongwa juu ya mwingine, unatosha kuifanya tarehe isisomeke. Afisa mwenye foleni ndefu naye anaweza kusahau kabisa.

Karibu na nyumbani, muhuri hupotea zaidi kwenye mipaka ya nchi kavu. Katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi hushuka mara moja tu, upande wa Kenya. Ndani ya jengo hilohilo hupita kwanza dirisha la Tanzania kugongewa muhuri wa kutoka, kisha dirisha la Kenya kugongewa wa kuingia. Madirisha yako hatua chache tu. Abiria mwenye haraka, dereva akiwa anapiga honi, hufuata foleni fupi zaidi, hugongewa wa Kenya, na kurudi kwenye basi. Kosa hujulikana wakati wa kurejea, anapoulizwa alitoka Tanzania kupitia wapi. Anayepita njia za panya hana muhuri wowote, na huyo kosa lake si la kumbukumbu bali la kisheria.

Kuna pia nchi ambazo kutokuwa na muhuri ni jambo la kawaida. Hong Kong na Israel hutoa kipande cha karatasi badala ya kugonga pasipoti. Uingereza haigongi muhuri wa kutoka. Marekani haina dirisha la uhamiaji la kutokea uwanja wa ndege. Tangu 2013 huweka kumbukumbu za wanaoingia kwa ndege na meli kwa njia ya kielektroniki, katika rekodi iitwayo I-94 ambayo msafiri anaweza kuitazama mwenyewe kwenye intaneti. Katika Falme za Kiarabu, abiria wengi hupita kwenye mageti ya kielektroniki pasipoti isiguswe, na mwenye kuhitaji uthibitisho huomba taarifa ya kuingia na kutoka kutoka mamlaka ya uhamiaji ya huko.

Kikundi cha mwisho ni wenye uraia wa nchi mbili, kama inavyoruhusiwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Aliyeingia nchi kwa pasipoti moja na kutoka kwa nyingine huacha kila pasipoti na nusu ya safari. Dawa yake ni kutumia pasipoti ileile katika kuingia na kutoka nchi moja.

Sheria inasemaje, na msafiri afanye nini

Kanuni za mipaka za Schengen ziliweka wazi: pasipoti ikikosa muhuri wa kuingia, mamlaka zinaweza kudhani kwamba mwenyewe amezidisha siku. Hiyo ni dhana, si hukumu. Msafiri anaweza kuivunja kwa ushahidi wa kuaminika, na kanuni zenyewe zinataja tiketi za usafiri na uthibitisho wa kuwapo nje ya eneo hilo. Akiaminika, tarehe na mahali alipovukia huweza kuandikwa kwenye pasipoti, au akapewa fomu inayokubali maelezo yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwa msafiri.

Wakati mwepesi wa kurekebisha ni kabla ya kuondoka dirishani. Kufungua ukurasa, kusoma tarehe na kuangalia mshale huchukua sekunde chache, na afisa aliyekosea husahihisha palepale. Msafiri akishavuka, ushahidi wenye nguvu zaidi ni muhuri wa nchi ya pili. Aliyetoka Frankfurt bila muhuri lakini akagongewa wa kuingia Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere siku iliyofuata ameshathibitisha alikuwa wapi. Hufuata pasi ya kupandia ndege, tiketi, barua ya shirika la ndege inayothibitisha kwamba abiria alisafiri, mahudhurio ya kazini, karatasi za hospitali, na miamala ya benki iliyofanyika nyumbani. Tiketi peke yake huonyesha nia ya kusafiri. Pasi ya kupandia ndege huonyesha zaidi. Kwa kuwa wino wa pasi nyingi hufifia, ni busara kuipiga picha siku hiyohiyo.

Katika fomu ya ombi jipya, safari isiyo na muhuri huandikwa kama ilivyokuwa. Fomu ya viza ya Marekani huuliza nchi zilizotembelewa katika miaka mitano iliyopita, na ya Uingereza hurudi nyuma miaka kumi. Tarehe huchukuliwa kwenye tiketi na barua pepe, kisha barua fupi ya maelezo hutaja muhuri uliokosekana, sababu, na vielelezo vilivyoambatanishwa. Kuificha safari ni hatari zaidi, kwa sababu serikali huwa na kumbukumbu zake. Uingereza inaweza kukataa maombi ya mtu kwa miaka kumi ikigundua udanganyifu. Kuongeza tarehe kwa kalamu au kununua muhuri wa bandia ni jinai, na huiharibu pasipoti yenyewe.

Pasipoti iliyojaa au kuisha muda haitupwi: ndiyo yenye mihuri ya zamani, na inaweza kuwa na viza ambayo bado ni halali. Iliyopotea huripotiwa polisi na kwa uhamiaji, na nakala ya ripoti huambatanishwa kwenye maombi yanayofuata kueleza kwa nini mihuri ya awali haionekani. Nakala ya picha ya kila ukurasa uliogongwa, ikihifadhiwa mbali na pasipoti, hupunguza sana hasara hiyo.

Muhuri unapoondoka

Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, ufahamikao kwa kifupi EES, ukiwa umepangiwa kuenea mipakani kote kufikia tarehe 10 Aprili 2026 na kuchukua nafasi ya muhuri. Mfumo hurekodi sura ya msafiri, pasipoti yake, tarehe na mahali. Mwenye viza, kwa kuwa vidole vyake viko tayari kwenye kumbukumbu za viza, huchukuliwa picha ya uso. Ireland na Cyprus hazimo katika mfumo huo na huendelea kugonga mihuri.

Kwa mfumo huo, siku huhesabiwa na kompyuta, na aliyezidisha hujulikana mara moja. Kumbukumbu za safari hukaa miaka mitatu. Ambaye kutoka kwake hakukurekodiwa, zake hukaa miaka mitano. Msafiri ana haki ya kuomba kuona taarifa zake na kusahihishiwa zilizokosewa. Ombi la kusahihisha nalo huhitaji vielelezo, kwa hiyo pasi ya kupandia ndege, tiketi na muhuri wa nyumbani vinabaki na kazi ileile hata pale ambapo wino hautumiki tena.