Kichocho na Utasa wa Wanaume

Mke na mume wanapokaa mwaka mzima au zaidi bila kupata mimba, aghalabu lawama humwangukia mke. Elimu ya uzazi haikubaliani na desturi hiyo, kwani mume naye aweza kuwa na kasoro. Miongoni mwa sababu za utasa wa mume imo moja ianzayo utotoni, mtoni au lamboni, nayo ni kichocho.

Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo uitwao Schistosoma haematobium, uliogunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alithibitisha kwamba mnyoo huo hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji baridi. Huko Unguja na Pemba konokono huyo ni Bulinus globosus. Viluwiluwi vitokavyo kwa konokono hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au avuaye samaki. Hatimaye minyoo iliyokomaa huishi miaka kadhaa katika mishipa ya damu iliyo kandokando ya kibofu.

Madhara makubwa hayatokani na mnyoo wenyewe, bali mayai yake. Kila yai lina urefu wa kiasi cha milimita 0.14, na mwiba nchani. Baadhi ya mayai hutoboa kibofu yakatoka pamoja na mkojo na damu. Mengine hunasa mwilini. Kwa kuwa mishipa ya kibofu imeungana na ile ya viungo vya uzazi, mayai hufika pia katika tezi dume, vifuko vya shahawa na mirija ipitishayo mbegu. Mwili huyazingira kwa chembe za kinga, uvimbe ukatokea, kisha kovu. Mrija ukizibwa na kovu, korodani zaweza kuendelea kutengeneza mbegu, lakini shahawa hutoka bila mbegu hizo.

Dalili zake ni maumivu na damu katika shahawa, na kwa urahisi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Tena, mayai yaweza kuonekana katika shahawa hali mkojo hauna hata moja. Kwa hiyo kupima mkojo peke yake hakutoshi.

Dawa ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa. Lakini haiwezi kuondoa kovu lililokwisha kuwa gumu. Ndiyo maana tiba ya mapema ina thamani kuliko tiba ya ukubwani.

Pengine mvulana akojoapo damu huambiwa kwamba anabalehe. Hilo si kweli. Mkojo wa damu ni ugonjwa, na mwanafunzi auonaye hana budi kwenda zahanati bila aibu wala kuchelewa. Mwalimu amfundishaye hayo leo humlinda asije kuukosa ubaba kesho.