DAFTARI LA MJI MMOJA

Tuendapo hospitali twapimwa presha, na hesabu mbili huandikwa katika kadi. Wengi wetu tukisha pona huitupa kadi ile. Yafaa basi tujue jinsi hesabu ndogo kama zile zilivyofunua siri za maradhi ya moyo na ya figo.

Zamani madaktari wengi walidhani kwamba presha kupanda ni jambo la umri tu, kama mvi. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kupasuka mshipa wa damu ubongoni, naye alikuwa na miaka 63. Siku ile presha yake ilikuwa 300 kwa 190, ambapo ya mtu mzima mwenye afya ni karibu 120 kwa 80.

Mwaka 1948 Serikali ya Marekani ilianza uchunguzi katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Walichaguliwa watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wa miaka 30 hadi 62. Hawakutafutwa wagonjwa, bali watu wasiougua moyo. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa akiulizwa chanzo cha maradhi yake aweza kukisia tu. Lakini aliyeandikwa tangu akiwa mzima, daftari humsemea. Kila miaka 2 walirudi kupimwa presha, damu na uzito, na kuulizwa habari za sigara. Kisha madaktari wakangoja.

Miaka ikapita, baadhi wakaugua, wengine wasiugue. Ndipo kurasa za hawa na za wale zilipolinganishwa. Ilipofika mwaka 1961 ilikuwa dhahiri kwamba presha ya juu na wingi wa kolesteroli, yaani mafuta katika damu, hutangulia maradhi ya moyo. Sigara nayo ilionekana ina hatia.

Watoto wa watu wale waliingizwa daftarini tangu mwaka 1971, na hao ndio waliotufundisha habari za figo. Figo huchuja damu kwa vimishipa vyembamba mno. Presha huviharibu, na figo iliyoharibika hushindwa kutoa chumvi na maji, presha ikazidi kupanda. Ubaya wake ni kwamba figo haipigi kelele mapema. Mwaka 2004 ilitolewa habari ya watu 2,585 ambao figo zao zilikuwa nzima walipopimwa kwanza. Baada ya miaka 18 hivi, 244 walikuwa na ugonjwa wa figo. Walioelekea zaidi kuupata ni wenye kisukari, wenye presha na wavutao sigara.

Lakini daftari lile lilikuwa na upungufu: karibu wote walioandikwa mwanzo walikuwa Wazungu. Nguo iliyokatwa kwa kimo cha mtu mmoja haiwakai wote. Kwa hiyo mwaka 2000 ulianza uchunguzi mwingine mjini Jackson, Mississippi, wa Wamarekani Weusi zaidi ya 5,000.

Nasi je? Tusipopimwa na kuandikwa, tutatibiwa kwa vipimo vya wengine. Ni haki yetu kuuliza hesabu zetu zitatumiwaje, na majina yetu yafichwe. Lakini tusizitupe. Mwanafunzi, waombe wazazi wako wakapimwe presha hata kama hawaumwi, na uwatunzie kadi zao. Haba na haba hujaza kibaba.