Si mke wala si mtalaka: Mafunzo kutoka barua ya mjane wa Dakar

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya kitabu. Si kitabu cha fikihi wala cha tafsiri, bali ni riwaya ndogo ambayo mtu anaweza kuianza baada ya adhuhuri na kuimaliza kabla ya isha. Haina vita wala mauaji. Ni mwanamke tu, amekaa eda, anamwandikia rafiki yake. Lakini riwaya hiyo iliivuruga darsa yetu ya kina mama kwa majuma matatu, na mwishowe ikatufichulia kosa letu sisi wenyewe. Ndiyo maana tumeona tusiimeze peke yetu.

Kitabu na mwandishi wake

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kifaransa na Bibi Mariama Bâ wa Senegal, kikachapishwa Dakar mwaka 1979. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Mwaka 1980 kilipata Tuzo ya Noma, na kilikuwa kitabu cha kwanza kupewa tuzo hiyo. Mwandishi alizaliwa mwaka 1929, akalelewa na babu na bibi yake katika nyumba ya Kiislamu, akasomeshwa Kurani na pia shule ya Kifaransa, kisha akawa mwalimu. Aliolewa, akazaa watoto tisa, akaachika. Alifariki mwaka 1981, kabla riwaya yake ya pili haijatoka.

Kisa ni hiki. Ramatoulaye ni mwalimu, mama wa watoto kumi na wawili. Mumewe, Modou Fall, amefariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Naye katika miezi minne na siku kumi ya eda anaandika kwenye daftari barua kwa rafiki yake wa utotoni, Aissatou, aliyeko Marekani. Anakumbuka jinsi, baada ya robo karne ya ndoa, Modou alivyomwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa shule wa binti yao Daba. Tangu siku ile Modou hakurudi tena nyumbani. Hakumpa Ramatoulaye talaka, wala zamu, wala habari.

Aissatou naye yalimfika yanayofanana na hayo. Mumewe, tabibu Mawdo, aliozwa na mama yake binti wa mjomba, kwa kuwa bibi yule hakuwahi kumridhia mkwe aliyetoka katika ukoo wa wafua dhahabu. Aissatou hakungoja. Alimwachia mumewe waraka, akachukua wanawe wanne, akaondoka. Akasoma, akawa mkalimani katika ubalozi wa nchi yake. Basi marafiki wawili, msiba mmoja, na njia mbili.

Mabishano yalivyokwenda

Juma la kwanza darsa iligawanyika pande mbili. Vijana, hasa walioolewa karibuni, walisimama na Aissatou. Walisema aliyeondoka alilinda heshima yake, na aliyebaki alijidhulumu. Kina mama watu wazima walisimama na Ramatoulaye. Bibi mmoja aliwauliza vijana: "Wanangu, watoto kumi na wawili unawapeleka wapi? Kuondoka ni rahisi kwa mwenye pa kwenda."

Juma la pili aliingia mzee mmoja wa msikitini ambaye mkewe alimsomea kurasa kadhaa. Akasema kitabu hiki kinauchafua Uislamu, kwa sababu kinakisema vibaya alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Hoja hii si ngeni. Tangu kitabu kilipotoka, wapo walioshika kwamba kinaishambulia dini, na wapo walioshika kwamba kinashambulia tu mwenendo wa wanaume wanaojificha nyuma ya dini. Tuliahidi kujibu juma la tatu, tukarudi nyumbani na kitabu, tukakisoma upya kwa kalamu mkononi.

Mizani ya sheria

Hatusemi, wala hatutasema, kwamba mitara ni haramu. Aya ya 3 ya Suratun-Nisaa iko wazi. Lakini aya hiyo hiyo imeifunga ruhusa kwa uadilifu, na anayeogopa kutofanya uadilifu imemwelekeza kwa mke mmoja. Kisha Aya ya 129 ya sura hiyo ikafafanua kwamba waume hawataweza kuwa waadilifu kikamilifu hata wakijitahidi. Wanazuoni wamesema huo ni uadilifu wa moyo, usiomilikiwa na mtu. Lakini palepale aya inamkataza mume asielemee upande mmoja moja kwa moja, akamwacha mwingine kama aliyetundikwa: si mke mwenye mume, wala si mtalaka mwenye uhuru wake.

Sasa tumuulize mzee wetu: Modou Fall alifanya lipi katika hayo? Hakugawa zamu. Alimtundika mke wa robo karne. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi, mume mwenye wake wawili akaelemea mmoja atafufuliwa nusu ya mwili wake ikiwa imeinama. Basi kitabu hiki hakikuleta shutuma mpya. Kimemchora tu mtu ambaye Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya naye.

Yako na mengine. Siku ya arubaini ya msiba, Tamsir, kaka wa marehemu, anaingia na wazee na kumtangazia mjane kwamba eda ikiisha atamwoa yeye, kana kwamba ni kiti kilichobaki katika nyumba ya marehemu. Msomaji asiye na elimu atadhani ndiyo dini hiyo. Lakini Aya ya 235 ya Suratul-Baqara imekataza kufunga ndoa na mjane kabla muda wake haujatimia. Iliyoruhusiwa kwa mjane aliye edani ni ishara ya staha, si tangazo. Na Aya ya 19 ya Suratun-Nisaa imekataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu, ada ya zama za ujahili ambapo jamaa za maiti walimgawana mjane pamoja na mali. Ramatoulaye, aliyekuwa kimya kwa miaka, siku ile anapaza sauti na kumkatalia. Kwa mizani ya sheria, aliyevunja adabu ya eda ni Tamsir, na aliyesimama na Kitabu ni mjane.

Tena tazama mirathi. Yanapofunuliwa mambo ya marehemu, mjane anagundua kwamba nyumba waliyoinunua kwa akiba yao wote wawili ina hati yenye jina la mume peke yake, na kwamba mume aliiweka rehani benki ili amnunulie mke mdogo nyumba nyingine. Wangapi katika wasomaji wetu wanajua hati ya nyumba yao ina jina la nani? Suratun-Nisaa, Aya ya 11 na ya 12, zinatanguliza deni kabla ya kugawa mirathi. Basi mume anayekopa kwa siri anakula fungu la mayatima wake angali hai.

Tusimsahau Binetou. Ni rahisi kumlaani, na darsa ilimlaani sana. Lakini kitabu kinatuonyesha msichana aliyetolewa shule akielekea mtihani wake wa mwisho, kwa shinikizo la mama aliyetamani nyumba na safari ya Makka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanamwali huombwa idhini yake. Ridhaa iliyokamuliwa kwa machozi ya mama si ridhaa. Mle ndani wanawake wawili wanadhulumiwa, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mdhulumu.

Imamu aliyebeba habari

Ukurasa uliotuchoma zaidi ni mwingine. Siku Modou anayoowa, hakwenda mwenyewe kumwambia mkewe. Aliwatuma kaka yake, rafiki yake Mawdo na imamu wa mtaa. Mke alipowaona wamevaa rasmi alidhani mumewe amepata ajali. Nao wakazunguka kwa maneno laini ya kudura na majaaliwa ya Mungu, mpaka akatambua mwenyewe. Akawashukuru, akawapa cha kunywa, akawasindikiza mlangoni. Wakaondoka wamefurahi kwamba mambo yamekwisha salama.

Juma la tatu tulisoma ukurasa huo kwa sauti. Darsa ilipokwisha, mama mmoja alibaki. Ametupa idhini ya kuyaeleza haya, nasi tumebadili machache ili asitambulikane. Akasema: "Sheikh, mimi ndiye wa kwenye barua."

Mumewe alihamia mji mwingine kwa mke wa pili, na kwa miaka mitatu hakumlaza nyumba moja. Humletea gunia la mchele kila Ramadhani. Hapo tukakumbuka. Mama huyu alikwisha kutujia mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili tulimwambia asubiri, mwanamume atarudi, na subira ina malipo makubwa. Alitushukuru, nasi tukamsindikiza mpaka mlangoni. Tulirudi kwenye kitabu tukifurahi kwamba tumetoa nasaha.

Akaendelea kwa utulivu: "Sikuja kwako kuuliza malipo ya subira, Sheikh. Hayo nayajua. Nilikuja kuuliza haki yangu, nawe ukanijibu swali jingine."

Ndugu zetu, hatukuwa na jawabu.

Subira si kunyamaza. Aliposhitaki Khawla binti Thaalaba kwa Mtume (S.A.W.) juu ya mumewe, aliyemwacha kwa kiapo cha ujahili akiwa si mke wala si mtalaka, hakuambiwa anyamaze kwa kuwa wanawake wema hunyamaza. Ziliteremshwa aya za mwanzo za Suratul-Mujadala, zinazotangaza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake. Kama shitaka la mke lilisikilizwa juu ya mbingu saba, sisi ni nani tulizime barazani?

Tulifanya tuliyopaswa kufanya tangu mara ya kwanza. Aya ya 35 ya Suratun-Nisaa inataka muamuzi kutoka jamaa za mume na muamuzi kutoka jamaa za mke. Tukawaita. Mume akawekwa mbele ya Aya ya 229 ya Suratul-Baqara: amshike kwa wema au amwache kwa hisani. Amekuja mara moja, akaahidi, akarudi alikotoka. Wazee wamempa muda maalumu, na mkewe anajua siku ya mwisho ni ipi. Hatuwezi kusema mambo yamekwisha. Tunaweza kusema tu kwamba hakutundikwa tena gizani.

Na mabishano ya darsa? Hatukumpa ushindi Aissatou wala Ramatoulaye. Mwenyezi Mungu amefungua mlango wa kusuluhishana na mlango wa kuachana, na kila nyumba inajua mzigo wake. Lakini tuliwaonyesha kina mama jambo moja ambalo wengi walilipita. Katika upweke wa Ramatoulaye, aliyemnunulia gari ili asisukumane kwenye mabasi alikuwa Aissatou, kutoka mbali. Aliyeondoka hakumcheka aliyebaki, na aliyebaki hakumlaumu aliyeondoka. Kitabu kinapokwisha, mmoja yuko njiani kuja kumwona mwenzake. Vijana na watu wazima wetu walikuwa wamegombana kwa majuma matatu juu ya wanawake wawili ambao wao wenyewe hawakugombana.

Kwa waume tunasema: ikiwa huwezi kumwambia mkeo jambo kwa mdomo wako, jiulize kwanza kama jambo hilo lina uadilifu. Kwa wazazi: someni hati za nyumba zenu pamoja, na muulizeni binti kabla hamjapokea posa. Na kwetu sisi tunaovaa vilemba, tunaojiwa usiku na wenye machozi: tusikilize swali mpaka mwisho kabla hatujalijibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kusimamisha uadilifu majumbani mwetu. Amin. Wabillahi tawfiq.