Avenue yetu si njia ya mkato

Wiki hii tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua Rugenge na mitaa mingine ya Uvira: magari na pikipiki za kupita, zinazokatiza katikati ya nyumba zetu.

Majuzi binti yangu wa miaka 7 alikuwa anarudi bombani na bidoni yake ya lita 5. Gari likatoka upande wa barabara kuu, likaingia kwenye avenue yetu ndogo kwa kasi, likamkosa kwa hatua mbili tu. Bidoni ilianguka, ikapasuka. Dereva hakusimama. Majirani walitoka, na sote tukasema neno moja: "Tupange mawe, tufunge njia!"

Mama mmoja mzee akatuuliza: "Na usiku, mmoja wenu akishikwa na uchungu wa kuzaa, gari la kumpeleka hospitali litapita wapi?"

Tukanyamaza. Swali lake ndilo linatuongoza leo. Tunataka njia inayomkatisha tamaa mpita njia, lakini isimfungie mwenye shida.

Kwanza tuelewe kwa nini wanakuja. Mji wetu ni mwembamba, umebanwa kati ya milima na ziwa, na barabara kubwa ni RN5, ile inayotoka Bukavu na Kamanyola kuelekea Fizi na Baraka. Lori likikwama, au maji yakiharibu barabara, kila dereva anatafuta upenyo. Tunakumbuka mto Mulongwe ulivyofurika Aprili 2020, na ziwa lilivyopanda mwaka 2024. Lakini wengine wanakatiza hata siku kavu, kwa kuokoa dakika mbili. Njia ya mkato ni kama biashara: ikikosa faida, mteja anaiacha.

Kasi ndiyo inayoua. Gari la kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu linahitaji karibu mita 13 ili lisimame. Likiwa na kilomita 50, linahitaji karibu mita 27. Kwenye vumbi na changarawe za avenue zetu, linahitaji zaidi. Mtoto anayekimbilia mpira hampi dereva mita zote hizo.

Wamama wengine walishapita hapa. Uholanzi mwaka 1971, ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kudai haki ya watoto wao, na baadaye serikali ikatambua kisheria mitaa ya makazi ambamo gari linatembea polepole kama mgeni. Karibu na kwetu, Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, nguzo na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za msingi. Majeruhi wa ajali walipungua kwa zaidi ya robo kwenye shule hizo. Hawakujenga barabara mpya. Waliirekebisha ile iliyopo, kwa vitu vya bei ndogo.

Na sisi tufanye nini?

Tusianze na mawe. Jiwe gizani linamwangusha motari, naye pia ni mtoto wa mtu. Tuanze na daftari. Kwa siku saba, mama wawili kwa zamu waandike: magari mangapi, pikipiki ngapi, saa ngapi, na ni zipi za kupita tu. Daftari hilo tulipeleke kwa shefu wa avenue, kisha kwa shefu wa mtaa, ili barua ifike kwa meya na kwa OVD, ofisi inayoshughulika na barabara na mifereji ya mijini. Mtu akija na hesabu anasikilizwa kuliko anayekuja na hasira peke yake.

Tuombe vitu viwili. Cha kwanza ni matuta, yale tunaita dodane: kimo karibu sentimita 10, upana karibu mita 3 na nusu, yenye rangi nyeupe ili yaonekane usiku. Yafike pembeni kabisa, la sivyo pikipiki zitapita karibu na milango yetu. Ila mfereji ubaki wazi, kwa maana tunajua maji ya milimani yanavyoshuka mvua ikinyesha. Cha pili ni nguzo kwenye mwanzo wa avenue, na ile ya katikati iwe ya kutolewa. Ufunguo ukae nyumba mbili zinazojulikana na wote, usiku na mchana. Machela na mkokoteni vitapita pembeni, na gari la mgonjwa litafunguliwa.

Kazi ya mikono tunaiweza wenyewe kwenye salongo, tukisharuhusiwa: kuchota mchanga, kupaka chokaa, kusafisha mfereji.

Nyumbani, tuongee pia na waume zetu, kaka zetu na vijana wetu wanaoendesha. Baadhi ya hao wanaokatiza kwenye avenue ya wengine wanakula kwenye masahani yetu.

Binti yangu anaenda bombani bado. Nimemnunulia bidoni nyingine. Mama mzee yule amekubali kutunza ufunguo mmoja, nguzo itakapokuja. Kwenye kikundi chenu, nani ataanza kushika daftari?