Nani Aliiangusha Urafiki?

Julai Makambako ni mwezi wa makoti. Mwenye belo akikata kamba, kina mama wa Lyamkena na mitaa ya jirani wanakuwa wameshainama. Koti zito likiinuliwa tu, mkono umeshalidaka: kola inageuzwa, zipu inavutwa juu na chini, mshono wa kwapani unakaguliwa. Kina mama hawa ndio wanaonyooshewa kidole kila mjadala wa viwanda vya nguo unapozuka, kwamba mitumba yao ndiyo iliyoiua Urafiki. Mimi nasema wanasingiziwa.

Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamba ya wakulima wetu iliingia mlango mmoja ikatoka khanga na vitenge: kusokota, kufuma, kutia rangi na kuchapa, vyote palepale. Sisi wa Makambako tunaujua urafiki ule na China kwa alama nyingine pia, reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Nguo nazo ziliijenga reli hiyo, maana sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China zilizoletwa madukani mwetu.

Doti ya Urafiki ilikwenda harusini, ikabeba mtoto mgongoni, ikafunika msiba. Kisha ikaja miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na kiwanda kisicho na vipuri wala rangi hakichapi kitu, hata pamba ijae ghalani. Akina mama walipanga foleni kusubiri khanga. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, nguo za bei nafuu kutoka nje zilimiminika, mitumba ikiwamo. Ilimkuta mgonjwa yuko kitandani siku nyingi.

Utata mkubwa ulikuja na ubia wa katikati ya miaka ya 1990. Kampuni ya Changzhou kutoka China ilichukua asilimia 51, Serikali yetu ikabaki na 49. Wafanyakazi walipunguzwa, na waliobaki waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara. Bungeni maswali yakarudi mwaka hadi mwaka. Kwangu jibu limo katika zile asilimia mbili: tulibaki na hasara ya kiwanda chetu bila sauti ya kukiokoa. Viwanda vya nguo vya Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma navyo viliyumba, kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa Ubungo peke yake.

Hata hivyo lawama ziliendelea kuelekezwa kwa mitumba: mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutufungia AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru.

Lakini mitumba iwepo au isiwepo, sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga bado inauzwa nje kabla haijawa uzi. Nawaomba wabunge wa Njombe na wenzao: mkataba wowote wa kiwanda cha nguo utakaokuja, udaini uwekwe mezani tuusome kabla haujasainiwa.