Logi Zinapokula Diski ya Seva

Stendi Kuu ya Mabasi ya Dodoma iko Nzuguni, jirani na Soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane. Tiketi za mabasi siku hizi hukatwa kwa mfumo, na abiria akiambiwa "mfumo uko chini, subiri kidogo," huulaumu mtandao. Mara nyingine mtandao hauna kosa. Diski ya seva imejaa, na iliyoijaza ni logi.

Logi ni kumbukumbu ambazo programu hujiandikia: nani ameingia, malipo gani yamepita, hitilafu gani imetokea. Kwenye Linux nyingi hukaa ndani ya /var/log, na siku za kawaida hazina uzito wa kutisha. Shida huanza programu inapolalamikia jambo lilelile usiku na mchana. Tuseme nywila ya huduma ya kutuma SMS kwa abiria imekwisha muda. Tiketi zinaendelea kuuzwa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Huku nyuma programu inajaribu kutuma mara 10 kwa sekunde, na kila ikishindwa inaandika kilobaiti 5 za maelezo. Hayo ni majaribio 864,000 kwa siku, zaidi ya gigabaiti 4. Nafasi ya gigabaiti 40 haimalizi siku kumi. Hapo hifadhidata nayo inakosa pa kuandika: PostgreSQL yaweza kuzimika, MySQL inasubiri nafasi, na dirishani foleni inarefuka.

Fundi mwenye haraka hulifuta lile faili kubwa kwa amri ya rm, kisha anashangaa df, amri ya kupima nafasi ya diski, bado inaonyesha asilimia 100. Linux hairudishi nafasi ya faili lililofutwa maadamu kuna programu bado imelifungua. Amri ya lsof +L1 itamwonyesha ni programu gani, naye ataiwasha upya. Bora zaidi asingelifuta. Angelimwaga yaliyomo kwa truncate -s 0, faili libaki tupu mahali pake.

Kinga inayojulikana ni logrotate, inayofunga logi ya zamani, kufungua mpya, kuibana ile ya zamani na hatimaye kuitupa. Maandishi yanayojirudia hubanwa hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Lakini wengi huipangia muda tu: kila wiki, tunza nne. Kwa programu yetu ya SMS, wiki moja ni gigabaiti 30 kabla logrotate haijagusa kitu. Weka kikomo cha ukubwa, maxsize, na uipange ifanye kazi kila saa, kwa sababu kwa kawaida huamka mara moja tu kwa siku na kikomo chako hakitaangaliwa mpaka hapo. Logi za journald, mtunza logi wa Linux nyingi, zina nafuu: zisipopangiwa, hujizuia kwenye asilimia 10 ya diski, zisizidi gigabaiti 4. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, haina huruma hiyo. Logi za kontena zake hukua bila kikomo ndani ya /var/lib/docker mpaka uweke max-size. Kwenye Windows, seva ya wavuti ya IIS nayo haifuti logi zake.

Wapo wanaozima logi kabisa ili walale usingizi. Mimi siungi mkono. Abiria akidai amelipa na tiketi haikutoka, utamjibu kwa ushahidi gani? Kurundika kila kitu nako ni kosa, kwani logi hubeba majina na namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haitaki taarifa zikae kupita muda unaohitajika.

Kwa hiyo ukiwa na seva, panga onyo likufikie kwenye simu diski inapofika asilimia 80, na likilia usiishie kusafisha: soma mstari unaojirudia, kisha utengeneze kinacholalamikiwa.