Goti Halijaenda Popote

Swali limerudi tena wiki hii, safari hii kwa motari mmoja wa mtaa wa Mudzipela aliyeanguka na moto (pikipiki) yake: “Dokta, kabla ya kupasuliwa, si nipite kwanza kwa mzee anikande, goti lirudi?” Lirudi kutoka wapi? Halijaenda popote. Kano ya msalaba imekatika, na mawese hayaungi kano. Meniski nayo, lile gegedu lenye umbo la mwezi mwandamo, imebanwa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Kidole cha mkandaji kinapapasa ukingo tu.

Najua jibu lenu: jirani alikandwa, akapona. Goti la jirani lilijaa damu siku ileile, na damu hiyo mwili huinyonya wenyewe baada ya wiki chache, likandwe lisikandwe. Mzee akapewa kuku kwa kazi ya kalenda! Na ule mlio wa goti likikandwa mnaousifia huenda ni kipande kilichochanika kinarukaruka ndani. Chale sizitaki hata kuzisikia: zikiota usaha, upasuaji unaahirishwa.

Uvimbe ukiisha, kijana anarudi kwenye moto, Jumapili anarudi uwanjani. Goti lisilo na kano huteleza kila akigeuka, na meniski ya ndani ndiyo inayogeuzwa breki. Akikaa mwaka hivyo, kamera ya upasuaji ikiingia gotini, iwe huku au Kampala, mara nyingi huikuta imesagika. Kumbe kano iliyokatika hugunduliwa kwa mikono miwili tu: kipimo cha Lachman hakihitaji umeme.

Mchaniko ukikutwa, uamuzi hufanyika palepale mezani, kwa hiyo usidai ahadi mapema. Mdogo uliotulia, hasa wa upande wa nje: unaachwa. Wa pembezoni, penye damu: unashonwa, na uboho unaovuja kwenye matundu yanayotobolewa mfupani ili kupitisha kano mpya husaidia kuuponya. Uliosagika pasipo na damu: kinapunguzwa kipande kilicholegea tu. Kuitoa yote? Daktari Fairbank alionyesha kwa eksirei tangu 1948 jinsi goti la namna hiyo linavyochakaa. Ukishonwa, magongo wiki 6 hivi, kuchuchumaa usahau kwa miezi 4, mpira si kabla ya miezi 9. Na kama choo chenu ni cha shimo, mwone seremala akutengenezee kiti chenye tundu kabla ya kwenda kupasuliwa.